Barua za Wasomaji: Hesabu Usiku Kabla ya Kilomita

Mwezi huu barua nne zimefika mezani zikiuliza juu ya jambo moja, safari ya pikipiki na hema katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, msafiri akiwa peke yake. Ya kwanza ndiyo iliyo na maswali mengi, kwa hiyo nimeijibu kwa urefu, na nyingine zinafuata.

*Yaya mpendwa, mimi ni fundi wa umeme, ninakaa Kampemba hapa Lubumbashi, na nimeendesha pikipiki tangu ujana wangu. Mdogo wangu anaishi Hamburg, Ujerumani. Mwakani nitapata likizo ya wiki nne, na nimeazimia kukodi pikipiki huko, nipite Denmark, Uswidi na Norwei hadi Nordkapp, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, kisha nirudi kwa njia ya Ufini, Estonia, Latvia, Lithuania na Poland. Nitakuwa peke yangu na nitalala hemani ili kupunguza gharama. Nimegawa safari kwa kilomita mia tano kila siku. Nimesikia kwamba huko mtu hupiga hema popote bila kulipa. Je, ni kweli? Na unauonaje mpango wangu?*

Mdogo wangu, nimeisoma barua yako kwa furaha, kwa sababu hakuna njia niliyoipita kwa pikipiki ambayo ninaipenda kuliko hiyo. Hata hivyo ninakuomba uifute hesabu ya kilomita mia tano na uanze upya kwa kuhesabu usiku. Kutoka Hamburg hadi Nordkapp na kurudi kwa upande wa Baltiki ni kilomita 6,000 hivi, na ukikata kwenda pwani ya Norwei na visiwa vya Lofoten utaongeza nyingine elfu moja au zaidi. Kwa wiki nne, barabara zikiwa za lami karibu mwanzo hadi mwisho, umbali huo hauwezi kumshinda mtu aliyezoea njia ya Kasumbalesa na malori yake ya shaba. Kinachomshinda msafiri wa hema ni jioni: amechoka, amelowa, anga bado jeupe, na hajui atalala wapi wala sheria ya mahali alipo inasemaje. Ukipanga usiku vizuri, mchana utajipanga wenyewe.

Hesabu hiyo inaanza hata kabla hujafungasha mzigo, kwa sababu viza yenyewe inahesabu usiku. Nchi zote ulizozitaja zimo katika eneo la Schengen, ikiwemo Norwei ambayo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na viza moja inakutosha kwa safari nzima, ilimradi siku zako zisizidi 90 ndani ya kila siku 180. Lakini maombi yanapelekwa kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari, na kwa mtalii hiyo ni nchi atakayokaa muda mrefu kuliko nyingine. Kwa ratiba yako naona hiyo itakuwa Norwei, ingawa ndege yako itatua Ujerumani na mdogo wako yuko huko. Ulizia mapema ni ubalozi upi unaopokea maombi ya nchi hiyo kutoka kwa Wakongo, kwa maana kuna nchi zinazowakilishwa na nyingine katika shughuli za viza. Maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, na ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Utatakiwa pia kuwa na bima ya safari inayogharimia matibabu kwa kiasi kisichopungua yuro 30,000.

Sasa fikiria ofisa wa viza anapouliza utalala wapi, nawe unamjibu kwamba utalala msituni. Hakuna ubaya katika jibu hilo, lakini halina karatasi. Andika ratiba ya usiku kwa usiku, yenye jina la mji au kambi, weka nafasi katika kambi chache za kulipia zinazokuruhusu kufuta bila hasara, ambatanisha barua ya mdogo wako kwa siku za Hamburg, na uoneshe mkataba wa kukodi pikipiki wenye tarehe ya kuirudisha. Karatasi hiyo ya mwisho, pamoja na barua ya mwajiri wako, inaonesha vizuri kwamba unakusudia kurudi nyumbani.

Juu ya kupiga hema popote: ni kweli kwa nchi kadhaa, si kweli kwa nyingine, na hata pale ilipo kweli kuna mipaka ambayo wageni wengi hawaijui. Norwei ina sheria ya mwaka 1957 juu ya maisha ya nje ya nyumba, inayompa kila mtu, mwenyeji au mgeni, haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi ambayo haikulimwa wala kuzungushiwa ua, hata kama ina mwenyewe. Hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa iliyo karibu zaidi, na usikae mahali pamoja zaidi ya siku mbili bila ruhusa ya mwenye ardhi, isipokuwa milimani au mbali kabisa na makazi ya watu. Uswidi ina haki kama hiyo, iliyotajwa katika katiba yake, na mamlaka ya mazingira huko huifupisha kwa maneno mawili: usisumbue, usiharibu. Ufini nayo ni hivyo hivyo. Unaweza hata kuchuma matunda ya porini na uyoga bila kumwomba mtu. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo kila kipande cha ardhi kina chifu wake, au kina kampuni ya madini, ukarimu huo unastaajabisha, na ninatamani uende ukauonje.

Denmark, ambayo ndiyo nchi yako ya kwanza baada ya Ujerumani, haina haki hiyo. Huko kuna misitu ya serikali iliyotengwa, ambamo hema dogo linaruhusiwa kwa usiku mmoja, na kuna vibanda vya mbao vilivyo wazi upande mmoja ambamo msafiri hulala. Ujerumani usijaribu, lala kwa ndugu yako au kwenye kambi ya kulipia. Estonia ni ya kupendeza kwa sababu idara ya misitu ya serikali, iitwayo RMK, imetengeneza sehemu nyingi za kupumzika na kulala zenye mahali pa moto na choo, na hazilipiwi. Poland tangu Mei 2021 imefungua maeneo maalumu katika misitu ya serikali, yaliyochorwa kwenye ramani, ambako watu wachache wanaweza kulala hadi siku mbili bila hata kutoa taarifa. Lofoten chunga mabango: haki ya kupiga hema ipo, lakini wageni wamekuwa wengi mno kwenye fukwe zile, na manispaa zimeweka marufuku katika sehemu kadhaa.

Jambo ambalo waendesha pikipiki husahau ni kwamba haki hii ni ya mwenda kwa miguu. Kuendesha chombo cha injini nje ya barabara kumekatazwa na sheria ya Norwei ya mwaka 1977 na ya Uswidi ya mwaka 1975, na Ufini pia inakataza bila ruhusa ya mwenye ardhi. Huwezi basi kuingiza pikipiki kwenye nyasi hadi ufukweni mwa ziwa, ukaiegesha kando ya hema, ukapiga picha. Unaiacha mahali halali pa kuegesha, na mzigo wa kulala unaubeba mwenyewe. Hilo linabadilisha namna ya kufungasha. Hema, mfuko wa kulalia, mkeka wa kupuliza, nguo kavu, jiko na chakula cha jioni vikae katika mfuko mmoja usiopitisha maji na wenye kamba za kuvaa mgongoni, ili ukifungua mikanda miwili uwe tayari kuondoka. Vifaa vya kutengenezea pikipiki, mafuta ya mnyororo na nguo za mvua vibaki kwenye mabegi ya pembeni, yenye kufuli. Nimewaona watu wenye masanduku matatu mazuri ya bati wakihangaika kurudi mara nne kati ya barabara na ziwa huku mbu wakiwala, na baada ya usiku wa aina hiyo huishia kulipia kambi safari yote, wakati kitu bora kabisa cha nchi zile kilikuwa mita mia mbili kutoka barabarani.

Kuhusu mahali penyewe, fika wakati bado una nguvu za kukataa. Mimi hutafuta ardhi iliyoinuka kidogo, kwa sababu ukungu na baridi hutuama bondeni, na yenye upepo mwanana, kwa sababu upepo huwafukuza mbu. Kwanza ninalala chini bila hema, nikiwa nimevaa koti la safari, na kugeuka mara mbili. Mawe na mizizi hujitambulisha mara moja. Kaskazini mwa Uswidi na Ufini kuna ardhi nyingi ya kinamasi iliyofunikwa na zulia la mimea midogo laini linalovutia kama godoro. Likanyage kwa uzito wote, na maji yakipanda pembeni mwa buti, ondoka. Katika kambi ya kulipia, ambako pikipiki inaruhusiwa karibu, weka kipande cha ubao bapa chini ya stendi ya pembeni, kwa maana ardhi kavu ya saa mbili usiku inaweza kuwa tope saa kumi alfajiri, na uiegeshe ili ikianguka isiangukie upande wa hema.

Baridi utaidharau, kwa sababu unaijua baridi ya Juni na Julai ya hapa Lubumbashi, na ni kweli kwamba asubuhi zetu za miezi hiyo si mchezo. Tofauti ni kwamba hapa saa nne jua limeshapasha ukuta, na huko linaweza lisikupashe kwa siku tatu mfululizo. Huko Nordkapp, hata mwezi wa Julai, mchana mzima unaweza kupita bila joto kufika nyuzi 10. Na ukiendesha kilomita 80 kwa saa katika mvua ya nyuzi 8, vidole ndivyo vinavyokufa ganzi kwanza, na breki ziko vidoleni. Nunua jozi mbili za glovu. Vaa nguo za ndani za sufu, ambayo hupasha hata ikilowa, na usivae pamba kabisa. Mfuko wa kulalia uchague kwa kiwango cha joto ambacho mtu hulala kwa raha, kilichoandikwa kwenye lebo, wala usitazame kile cha chini kabisa kilichoandikwa kando yake, ambacho ni cha kunusurika tu. Tena mkeka ni muhimu kama mfuko wenyewe, kwa sababu manyoya yaliyolaliwa hayapashi tena, na ardhi ndiyo inayonyonya joto la mgongo.

Hapo ndipo inapokuja hatari ambayo sisi tunaifahamu kuliko wao. Mvua ikinyesha na mikono ikitetemeka, kishawishi cha kuingiza jiko ndani ya hema na kufunga zipu ni kikubwa. Jiko la gesi katika hema lililofungwa ni kama mbabula ya makaa katika chumba kilichofungwa, na kila msimu wa baridi hapa kwetu tunazika watu kwa ajili ya hiyo. Pika nje, au chini ya kibaraza cha hema kilichofunguliwa kabisa, na jiko lizimwe kabla hujalala. Mitungi ya gesi hairuhusiwi kwenye ndege, hivyo utaikuta Hamburg. Nyama na maziwa kutoka Kongo haviruhusiwi kuingizwa katika Umoja wa Ulaya. Moto wa kuni una sheria zake: Norwei unakatazwa msituni na karibu na msitu tangu 15 Aprili hadi 15 Septemba, Ufini unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na Uswidi wakuu wa jimbo hutangaza marufuku wakati wa ukame. Safari yako yote itaangukia ndani ya tarehe hizo.

Tarehe zenyewe ningezichagua hivi. Kama mwajiri anakupa uhuru, ondoka Hamburg katikati ya Juni, au basi mwanzoni mwa Agosti. Mwezi wa Juni unapata jua lisilozama: huko Nordkapp, kwenye nyuzi 71 za kaskazini, halizami tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Mwezi wa Agosti unapata mbu wachache na usiku unaoanza kurudi. Baada ya katikati ya Septemba sikushauri uwe kule juu kwa magurudumu mawili.

Jua lisilozama linahitaji neno la ziada kwa mtu wa nyuzi 11 za kusini, ambako mwaka mzima giza linaingia karibu saa ile ile na mwili unajua kwamba siku imekwisha. Huko mwili haupewi taarifa. Utaendesha ukijiona na nguvu, mwanga ukiwa wa dhahabu na barabara tupu, na utakapotazama saa utakuta ni saa sita za usiku na umekuwa kwenye kiti kwa saa kumi na tano. Uchovu huo hauna dalili ya kusinzia mpaka unapokuja kwa ghafla. Jiwekee saa ya kusimama, tuseme saa kumi na mbili jioni, na uitii hata kama jua liko juu ya kichwa. Beba kitambaa cheusi cha kufunika macho. Usiku ule mweupe pia ni wakati wa wanyama. Kulungu wa kaskazini, wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa huko, hulala juu ya lami na hawaogopi honi. Kila mmoja ana mwenyewe, na ukimgonga ni lazima utoe taarifa polisi. Mnyama anayeitwa *älg* kwa Kiswidi ndiye wa kuogopwa zaidi, mkubwa kuliko ng'ombe, mwenye miguu mirefu sana, na hutoka msituni alfajiri na jioni bila sauti. Ukiona bango lake la pembetatu, punguza mwendo kweli kweli.

Mambo ya barabara mengine nitayapita haraka. Taa ya mbele iwashwe mchana na usiku. Mwendo wa kawaida nje ya miji ya Norwei ni kilomita 80 kwa saa, na faini zao ni nzito. Kiwango cha pombe Norwei na Uswidi ni gramu 0.2 kwa lita ya damu, maana yake usinywe kabisa. Madaraja makubwa ya Storebælt na Øresund, kwenye njia ya kupita Denmark hadi Uswidi, yanalipiwa na yako wazi kwa upepo wa ubavuni. Upepo ukiwa mkali, subiri. Vituo vingi vya malipo ya barabara Norwei havitozi pikipiki. Vituo vya mafuta kaskazini vimeachana sana na vingine havina mhudumu, kwa hiyo ijaze tangi likifika nusu, na uwe na kadi ya benki yenye namba ya siri ambayo umeijaribu nje ya nchi, kwa maana Uswidi fedha taslimu hukataliwa hata dukani. Katika mahandaki inua kioo cheusi cha kofia kabla hujaingia. Handaki la kwenda Nordkapp, lililofunguliwa mwaka 1999, lina urefu wa karibu kilomita saba na linashuka zaidi ya mita 200 chini ya bahari, na humo kuna baridi na unyevu mwaka mzima; handaki la Lærdal lina kilomita 24.5, na limejengewa kumbi tatu zenye taa za buluu ili macho ya dereva yasilale.

Kabla ya hayo yote, jaribu vifaa vyako hapa. Chukua hema na mfuko wa kulalia, nenda hadi Mwadingusha, ng'ambo ya Likasi, mwezi wa Julai, ulale siku mbili kwa ruhusa ya wenyeji, na ufunge na kufungua mzigo ukiwa umevaa glovu. Utakachokichukia huko kiache nyumbani.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mama mzazi wa Katuba. Binti yangu anasoma Ubelgiji, amepata leseni ya pikipiki huko, na sasa anasema wakati wa likizo atakwenda peke yake hadi Norwei na kulala porini. Baba yake amekataa. Mimi sijui niseme nini. Msichana peke yake hemani, je, si kujitafutia mabaya?*

Mama, pokea salamu zangu za heshima. Sitakuambia kwamba hofu yako haina msingi, kwa sababu mzazi huhofu kwa kuwa anapenda, na hatari zipo. Lakini ningependa wewe na Baba mzijue hatari zenyewe kwa uzito wake. Nchi za kaskazini wanawake husafiri na kulala porini peke yao kwa kawaida, na mtu mwenye hema dogo mbali na barabara huonwa kuwa ni mpita njia. Hatari kubwa kwa binti yako ni zile zile zingemkabili hata kaka yake: kuchoka, kulowa, mnyama barabarani, na kuanguka mahali pasipo na mtu.

Kwa hiyo muulize maswali ya vitendo, na majibu yake yatakuonesha kama amejiandaa. Je, anaweza kuinua pikipiki yake ikianguka? Mbinu ipo: stendi ya pembeni hufunguliwa kwanza ikiwa imeangukia upande wa kulia, gia inaingizwa ili magurudumu yasiteleze, kisha mtu anaipa mgongo, anachuchumaa makalio yakiwa kwenye kiti, anashika usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, na kusukuma kwa miguu akirudi nyuma hatua fupi fupi. Kama hawezi kuinua ile aliyo nayo ikiwa na mzigo, achukue iliyo nyepesi. Je, anajua kwamba namba 112 inapigwa bure katika nchi zote hizo, na kwamba Norwei gari la wagonjwa ni 113? Norwei na Ufini zina programu za simu za dharura zinazompa mwokoaji mahali ulipo. Aziweke kabla ya kuondoka. Je, anakubali kutuma ujumbe kila jioni wenye mahali alipo na njia ya kesho? Hilo mkubaliane vizuri: saa ya ujumbe, na saa ambayo mkiukosa mnampigia nani, kwa sababu milima ya kule nayo inakata mtandao, na mama asiye na makubaliano atakesha bure.

Jambo moja zaidi la kumshauri: asichapishe mahali alipo kwenye mitandao mpaka awe ameshaondoka, na akifika mahali moyo ukakataa, asibishane nao, afunge mzigo aende kwenye kambi ya kulipia, ambako kuna taa, bafu na familia. Katika bajeti yake awe na fedha za usiku wa namna hiyo zilizotengwa mapema, ili asije akabaki mahali pabaya kwa kuogopa gharama.

*Yaya, mimi ni manseba, kazi yangu ni kubeba abiria kwa pikipiki hapa Ruashi. Ninayo yangu ya 150, ninaijua kila nati. Je, siwezi kwenda nayo yenyewe badala ya kukodi ya wazungu?*

Ndugu yangu, injini ya 150 yenye matunzo inaweza kufika Nordkapp, na wapo waliozunguka dunia kwa ndogo kuliko hiyo. Barabara za kule hazidai nguvu. Zinadai taa nzuri, matairi mapya na breki zinazoshika kwenye mvua. Tena mtu anayejua kukaza mnyororo na kufungua kabureta kando ya njia ana utajiri ambao wengi wa wenye pikipiki kubwa hawana.

Kinachokwamisha ni karatasi na bahari. Pikipiki yenye namba ya Kongo inaweza kuingizwa kwa muda katika Umoja wa Ulaya na mtu anayeishi nje ya Umoja huo, kwa kawaida hadi miezi sita, bila kulipiwa ushuru, ilimradi inatoka tena. Lakini nchi yetu haimo katika mfumo wa kadi ya kijani ya bima ambayo Ulaya inautambua, na kadi ya njano ya COMESA unayoionesha ukiingia Zambia haifanyi kazi kule, hivyo utahitaji bima ya mpakani, na si kila nchi inaiuza kwa urahisi. Ongeza kreti, lori hadi Dar es Salaam au Durban, meli, na wiki nyingi ambazo pikipiki haikuingizii hata faranga moja. Ikiwa ndiyo inayolisha nyumba, iache ifanye kazi, na ukodi huko. Hakikisha leseni yako ni ya pikipiki kwa maandishi, uwe na leseni ya kimataifa pamoja nayo, na uulize mapema juu ya dhamana, kwa sababu makampuni mengi huizuia kwenye kadi ya benki na hayapokei fedha mkononi.

*Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nimesoma kwamba Lapland ina mbu wengi kuliko huku kwetu. Je, nibebe dawa ya malaria?*

Mbu wa Lapland, yaani kaskazini kabisa mwa Ufini na Uswidi, ni wengi mno mwezi wa Juni mwishoni na Julai, na wanauma hata kwa kupitia suruali nyembamba, lakini hawaambukizi malaria. Wavu wa kichwa, shati la mikono mirefu lenye rangi isiyokoza na dawa ya kupaka vinakutosha. Ogopa zaidi kupe, hasa katika nchi za Baltiki na kusini mashariki mwa Uswidi, ambao wanaweza kuleta ugonjwa wa kuvimba ubongo. Chanjo ipo, inahitaji zaidi ya sindano moja, na huanza wiki kadhaa kabla ya safari. Jikague miguu na makwapa kila jioni kabla ya kuingia hemani.

Malaria ya kuangalia ni ile utakayotoka nayo hapa. Unaweza kuumwa na mbu wa Lubumbashi leo na homa ikapanda baada ya wiki mbili, ukiwa umelala peke yako kando ya ziwa la Ufini, ukidhani ni mafua ya mvua. Homa yoyote ya wiki zile za kwanza ichukulie kuwa malaria mpaka ipimwe: usiendeshe, piga 112 kama umeishiwa nguvu, na mwambie daktari wazi, kabla hajakuuliza, kwamba umetoka Kongo na unataka kupimwa damu kwa ajili ya malaria, kwa sababu huko ni ugonjwa ambao daktari anaweza kupitisha miaka bila kuuona. Andika maneno hayo kwa Kiingereza kwenye karatasi na uiweke pamoja na pasipoti, kadi ya bima na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo utadaiwa tena ukirudi uwanja wa ndege wa nyumbani.